Jiwe Lililoitika

Jiwe lilikataa kukauka. Hilo ndilo lilikuwa la kwanza, na kama Ondiek angekuwa mtu wa kusikia angelirudisha siku ileile. Lakini Ondiek hakuwa mtu wa kusikia.

Alikuwa fundi wa meno ya bandia pale Kondele, na huko kazini walimwita Calvince. Siku nzima ni kunoa na kusugua. Ungedhani mtu wa hivyo akifika nyumbani Otonglo angekaa akanywa chai. Wapi! Nyuma ya nyumba alikuwa na kibanda cha mabati, na ndani yake mota ya mashine kuukuu ya kufulia, ameifunga magurudumu ya kunolea, na ndoo ya maji juu ikidondosha tone moja moja. Jumamosi asubuhi aliokota mawe ufuoni mwa ziwa, kule Usoma, mchana akayakata na kuyanoa mpaka yawe vidude laini vya mviringo, bapa chini, vimevimba juu, vya kutiwa kwenye pete. Mwenyewe aliviita kaboshoni, kwa kujidai kidogo. Mkewe Debra aliviita mawe.

Wenye kazi hii wanajua kwamba jiwe likilowa linakudanganya. Linakuonyesha rangi zote, halafu likikauka linabaki la kijivu na wewe unabaki umenuna. Kwa hiyo unaliweka dirishani kwanza. Hili, kubwa kiasi cha yai la bata, lilikaa juani siku tatu likiwa limelowa vilevile. Alilifuta kwa kitambaa, likalowa. Tena lilinuka, na si matope ya ziwa, bali maziwa ya mama yaliyochacha kwenye nguo ya mtoto.

Aliligwaruza kwa msumari, halikugwaruzika. Akalisugua nyuma ya kigae, halikuacha rangi. Akatuma picha kwenye kundi la WhatsApp la waokota mawe. Mmoja akasema ni akiki, mwingine akasema jaspi. Shitanda, mzee wa Kakamega asiyependa maneno mengi, aliuliza tu kama lilikuwa peke yake. Ondiek akajibu ndiyo, kwenye matope matupu, hakuna jiwe lingine karibu. Shitanda hakuandika tena siku hiyo wala siku zilizofuata.

Kutojua jina la kitu kulimkera Ondiek kuliko njaa. Jumamosi iliyofuata, saa nane mchana, jua kali, alilibandika jiwe kwenye kijiti kwa nta, akawasha mota, akaligusisha gurudumu. Likalia. Mawe hupiga kelele, hiyo ni kawaida, lakini hiki kilikuwa kilio cha mtoto mchanga, chenye kukatika katikati ili kuvuta pumzi.

"Baba, kanalia," akasema Akello mlangoni.

Akello alikuwa binti yake wa miaka saba, na ndiye aliyekuwa roho ya nyumba ile. Jina hilo hupewa mtoto anayefuata mapacha, na mapacha wenyewe hawakumaliza wiki duniani. Debra hakuwa na raha mpaka amwite akasikia ameitika, hata kama alikuwa chumba cha pili tu. Mara ishirini kwa siku alimwita, na mara ishirini mtoto aliitika.

Ondiek alicheka. Akamweleza binti yake jinsi zamani mtoto mchanga alipolia bila kunyamaza, dani, yaani nyanya yao, alimpakata akamtajia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, na pale mtoto aliponyamaza basi hilo ndilo jina lake, huyo ndiye aliyerudi. Wakaanza mchezo. Akiki? Jiwe likalia. Jaspi? Likalia. Akamtaja marehemu babake, Oduor, likalia zaidi. Akello alikuwa anacheka mpaka ameshika tumbo, na Ondiek, kwa kumchokoza tu, akainama karibu na jiwe.

"Au wewe ndiye Akello?"

Likanyamaza. Gurudumu lilikuwa bado linazunguka na jiwe limeligusa, maji yanadondoka, na hapakuwa na sauti yoyote. Kisha uso wa jiwe ukaanza kukauka mbele ya macho yake. Mlangoni, kicheko cha mtoto kilikuwa kimekatika.

Dani hakutaja hata siku moja jina la aliye hai. Ondiek alilijua hilo. Alizima mota, akanawa mikono, akajiambia ni masihara.

Jumapili, baada ya kanisa, Debra aliita, "Akello, chakula." Mtoto alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwake na hakuinua kichwa. Aliyeitika alikuwa nje, upande wa kibandani, kwa sauti ileile nyembamba: "Ee, mama." Debra alitoka mbio akakuta mlango umefungwa kwa kufuli. Jumatatu jioni mwalimu alipiga simu kuuliza kwa nini Akello hakufika shule, na Debra akajibu kwamba alimpeleka mwenyewe mpaka darasani. Mwalimu akasema, kwa aibu, kwamba kweli kulikuwa na mtoto kwenye dawati la mbele, ila aliposoma majina hakuna aliyeitika.

Wiki hiyo Akello alianza kufifia. Sijui niseme vipi. Ngozi ilipata vumbi la kijivu ambalo sabuni haikulitoa, midomo ikapasuka, akawa anakunywa maji jagi zima na kuomba jingine, na mchana wa jua Debra alimkuta amesimama ndani ya beseni, maji yakimfika vifundoni, anatazama kibandani. Na Ondiek, badala ya kulitupa jiwe lile, akawa halali wala hakai, anatoka kazini kabla ya saa, anampita mkewe bila salamu, anajifungia kusugua, msasa wa kukwaruza, kisha wa laini, kisha wa laini zaidi, kisha ngozi na unga wa kung'arishia, na kila jiwe lilivyozidi kung'aa mtoto alizidi kuwa wa kijivu, naye aliliona hilo, mikono yake ililiona, na bado mikono haikuacha, hata Alhamisi stima ilipopotea mtaa mzima na mota ikaendelea kuzunguka, na harufu ya maziwa yaliyochacha ikajaa kibanda mpaka akatapika ndani ya ndoo, na katikati ya kutapika akasikia jiwe likimwita kwa upole, kwa sauti ya binti yake, "Baba, maliza."

Ndipo alipokimbia. Debra alikuwa uani. Hakumfokea.

"Sema ulichofanya," alisema kwa sauti ya chini. "Mtoto wangu ameisha."

Ijumaa alasiri Debra alimleta Rehma wa Kaloleni, mwanamke mnene, mpole, aliyemuuzia mafuta na ubani miaka mingi na ambaye watu walimwendea kwa mambo mengine pia. Alifukiza kibanda, akasoma alichosoma, akaliweka jiwe kwenye bakuli la maji. Maji yakachacha. Akauliza nani alilipa jina. Ondiek akasema ni yeye, ilikuwa mchezo.

"Kwa vitu kama hiki si mchezo," Rehma alisema. "Kilikuwa hakina pa kukaa, ukakipa. Sasa hakitoki mikono mitupu. Kipe jina lingine, la mtu aliye hai, na mwenyewe akubali. Kitachukua kile anachoitwa na watu wa nyumbani kwake."

Debra alisema papo hapo kichukue lake. Ondiek akakataa. Usidhani ni ushujaa tu. Alimpenda mtoto, hilo silibishi, lakini alikuwa pia anapiga hesabu ya kijanja kichwani: kazini ni Calvince, nyumbani na mtaani kote ni Baba Akello, na hilo Ondiek liko kwenye kitambulisho tu, hakuna anayelitumia. Kipewe hilo, hatapoteza kitu.

"Ondiek," akaliambia jiwe.

Rehma alimtazama. "Ndilo wanalokuita hapa nyumbani?"

"Ndilo," akasema, na ulikuwa uongo. Debra aliinamisha macho na hakusahihisha. Angesahihisha vipi, na mtoto amekauka vile?

Jiwe likalowa tena. Chumbani, Debra alipoita kwa hofu, Akello aliitika kwa kinywa chake mwenyewe, akaomba chapati. Mama yule alilia mpaka akakaa chini. Jioni hiyo mumewe alilirudisha jiwe Usoma, akalirusha mbali kadiri mkono ulivyoweza. Tangu hapo nami jina la mume huyo silitaji.

Zikapita wiki tatu njema. Mtoto alinenepa. Kibanda kilibaki na kufuli.

Jumamosi ya nne yule mwanamume alikuwa mbele ya nyumba anafunga kamba ya kuanikia nguo, saa nane mchana, jua kali. Akasikia Akello anaita kutoka uani, "Baba!" Alifungua kinywa aitike, na kabla hajatoa sauti akaitika mwingine, nyuma kule, kwa sauti yake kamili ila yenye maji ndani: "Ee, Akello." Alizunguka nyumba mbio. Mlango wa kibanda ulikuwa wazi, kizingiti kimelowa, mota inanguruma, na harufu ya maziwa yaliyochacha imetanda. Akello alikuwa anaelekea huko akirukaruka.

"Akello! Niko hapa. Baba niko hapa."

Mtoto alisimama, akageuka, akamtazama kwa adabu. Akainamisha kichwa, akampa ile shikamoo ya shuleni ambayo watoto wa Otonglo hawampi mtu wa nyumbani, kisha akaingia kibandani.

Debra alitokea mlango wa jikoni na unga mikononi. Alimwangalia mumewe kutoka juu mpaka chini, akamwomba radhi, akamwonyesha kiti. Halafu akapaza sauti kuelekea kibandani.

"Baba Akello, una mgeni."

"Nakuja," kikasema kilichokuwa ndani.