Mapanga Yaliyokata Sauti

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi chini ya mnara wa pili. Juu yake mapanga matatu yalizunguka taratibu, yakila upepo wa asubuhi.

"Ameanguka, afande," alisema Sajini Miraji.

Inspekta Cecilia Mughwai aliinua macho hadi shingo ikamuuma. "Mtu aanguke kutoka kule asivunjike hata kidole?"

Marehemu alikuwa Damiani Laurenti, mhandisi wa kampuni ya kigeni. Ilikuwa mwaka 2001, milango ya biashara imefunguliwa, na kampuni ilikuja Sekenke kufua umeme kwa upepo. Daktari alikuta jeraha moja tu, kisogoni, la kitu kizito chenye pembe. Lakini Cecilia aliinamia ukosi wa shati. Ulikuwa na vitundu vya kahawia, kama umetafunwa na mchwa.

"Tindikali ya betri," alisema. "Nani huku ana betri ya gari?"

"Kijijini magari yenyewe hakuna, afande. Labda zahanati. Redio kol yao haina umeme mwingine."

Waliteremka mlima hadi kijijini. Tabibu Nathanaeli Petro, aliyeishika zahanati ile miaka ishirini, alikuwa ameketi mbele ya redio, nyaya zake zikining'inia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

"Betri iko wapi?"

"Imepasuka. Nimeitupa."

"Lini?"

"Jana."

"Naomba nione mikono yako."

Aliitoa. Vidole vilikuwa vimebabuka. Hakungoja swali jingine.

"Mwezi uliopita mwanangu Rebeka alijifungulia katika chumba hicho. Damu ikakataa kukoma. Nikaita hospitali ya wilaya. Kila panga lilipopita, sauti ikakatika. Wao walisikia 'zaha', wakasikia 'dam', basi. Nilimtuma mtu kwa baiskeli. Gari lilipofika, tulishachimba makaburi mawili."

"Na jana?"

"Nilimpelekea mhandisi redio na betri mnarani, asikie kwa masikio yake. Akasikiliza. Akaniambia, 'Najua, mzee. Nilijua hata kabla hatujaisimamisha minara hii.' Akageuka kuitazama. Nikachomoa betri, nikainyanyua kwa mikono miwili."

"Ukampiga mara ngapi?"

"Moja. Ilitosha."

Sajini Miraji, aliyekwenda kupekua chumba cha marehemu, alirudi na faili. Cecilia alilisoma akiwa amesimama, kisha akaliweka mbele ya mzee.

Damiani alikuwa ameiandikia kampuni barua tatu. Mapanga haya, aliandika, hukatakata mawimbi ya redio na kuyarudisha yalikotoka. Hata rada huyaona mapanga kama ndege pasipo na ndege. Zahanati iliyo chini ya mlima itakuwa bubu. Minara isisimamishwe kabla zahanati haijajengewa mlingoti mpya wa redio.

Jibu la makao makuu lilikuwa mstari mmoja: *Zahanati hiyo si mteja wetu.*

Nathanaeli alisoma polepole, midomo ikicheza.

"Mbona hakuniambia?"

"Alikuwa ameanza kukuambia, mzee."

Tabibu aliinamisha kichwa juu ya meza, akalia kwa Kinyiramba, akimwita mwanawe, kisha akimwita mhandisi aliyekufa kwa mkono wake.

Cecilia alifungua jalada la kesi. Mahali pa jina la mtuhumiwa palikuwa na mstari mmoja tu. Aliitazama kwa muda mrefu sahihi iliyo chini ya jibu la kampuni, haikusomeka. Akaandika: Nathanaeli Petro.