Sauti ya Mama Kwenye Diski Inayogonga

Mume wangu hushona nguo, mimi hushona vifungo. Cherehani iko dirishani. Kompyuta iko mezani, nyuma ya mafungu ya vitambaa. Ndani ya kompyuta hiyo kulikuwa na rekodi tatu za marehemu mama yangu akizungumza. Nakala nyingine haikuwepo popote. Uzembe wangu, nakiri.

Jumatatu asubuhi diski ya kompyuta, kifaa kinachotunza kila kitu, ilianza kugonga: ta, ta, ta. Mume wangu akanunua diski mpya ili tuhamishie vitu vyetu.

"Nitaifunga mwenyewe," alisema. "Cherehani haijanishinda, sembuse sanduku hili?"

Akaifunga, akawasha. Diski mpya haikuonekana. Akazima, akawasha tena. Wapi! Mara sita! Ile ya zamani ikazidi kugonga.

"Baba watoto, acha!" nikapiga kelele. "Unamuua mama mara ya pili!"

Neno lilinitoka tu. Alikaa chini. Nami nikalia.

Nikaenda kumwita jirani yetu anayefundisha kompyuta. Mtaa mzima humwita Mwalimu Waya. Alisikia ule mlio tangu mlangoni.

"Zimeni haraka!" alisema. "Diski inayogonga inakata roho. Kila mkiwasha, mnaimalizia pumzi."

Alichomoa waya wa ukutani, akafungua sanduku.

"Shemeji, waya huu mwembamba unapitisha habari. Wa umeme uko wapi?"

"Niliona tundu la pili, nikadhani la akiba," mume wangu akajibu. "Si shati jipya huja na kifungo cha akiba?"

"Makubwa haya!" Mwalimu akacheka. Sisi hatukucheka. "Diski haina tundu la akiba. Yote mawili yanataka waya."

Alichomeka waya wa umeme, akawasha. Bado diski mpya haikuonekana kwenye orodha ya mafaili.

"Basi, tumekwisha," nikasema.

"Bado, dada. Diski mpya huja tupu, lazima iandaliwe kwanza." Akafungua programu ya kusimamia diski. Zote mbili zilikuwepo. "Hapa usikurupuke. Tazama ukubwa wa kila moja. Mpya ni hii kubwa, haina kitu. Ukiiandaa ya zamani kwa makosa, umefuta kila kitu."

Akaiandaa ile mpya. "Tuanze na kipi?"

"Mama," tukasema pamoja.

Rekodi ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita kwa taabu. Ya tatu ikafika nusu, ikakwama. Diski ya zamani ikagonga mara mbili, ikanyamaza.

"Imekufa," Mwalimu akasema. "Poleni sana. Mngeniita ilipoanza kugonga, pengine tungewahi zote."

"Nisamehe, mke wangu," mume wangu akasema. Machozi yalikuwa yakimtoka.

Siku hizi rekodi mbili tunazo mahali pawili: kwenye diski mpya, na nakala nyingine nyumbani kwa dada yangu. Mwalimu aliweka mfumo upya kwenye diski mpya, kompyuta inawaka upesi. Jioni tunafungua sauti ya mama, anacheka, anamtania mkwewe.

Ile ya tatu sikuwahi kuisikiliza. Kila siku nilisema nitaisikiliza nikipata nafasi.