Kengele Iliyowahi Dakika Kumi na Moja

Kila asubuhi, kabla sijanawa uso, nilikuwa na ugomvi na vidonge viwili. Vilikuwa vyeupe, vinene, kimoja kikinisubiri juu ya meza ya jikoni pembeni ya mkate aliouacha mama, kingine nikikitoa mfukoni. Mama ni mwoka mikate, kwa hiyo saa hizo alikuwa ameshaondoka. Baba, ambaye ni fundi saa, alikuwa tayari ameinamia meza yake katika chumba cha mbele, kioo cha kukuzia kikiwa jichoni. Nilibaki mimi na vidonge. Nilivimeza vyote viwili kwa maji baridi, mkate nikauacha palepale, nikaenda shule nimenuna.

Acha nieleze jinsi vilivyofika nyumbani kwetu. Muhula uliopita shingo yangu ilianza kuwa nyeusi kwa nyuma. Mama alidhani siogi vizuri. Alinikalisha kwenye beseni, mimi msichana wa miaka kumi na mitatu, akanisugua kwa dodoki mpaka nikalia, na weusi haukutoka. Tena nilikuwa nachoka ovyo, hata kupanda ngazi za shule nikawa nahema. Ndipo tukaenda kliniki, nikatolewa damu.

Daktari alituambia kwamba mwili hutengeneza kitu kinachoitwa insulini, na kazi yake ni kuifungulia sukari mlango iingie mwilini itumike. Kwangu mimi insulini ilibisha hodi wee, lakini mwili haukufungua. Nisipotumia dawa, nisipofanya mazoezi na nisipopunguza soda, ningeweza kuishia kwenye ugonjwa wa kisukari.

"Yaani hata mwili wake ni mbishi," baba alisema.

Basi jina likaniganda. Nyumbani naitwa Mbishi, na shuleni pia, na sioni aibu.

Muuguzi alituelekeza: kidonge kimoja katikati ya chakula cha asubuhi, kingine katikati ya chakula cha jioni. Akaongeza kwamba tumbo linaweza kusumbua siku za mwanzo. Kusumbua! Ningependa kukutana na mtu aliyelichagua neno hilo. Kichefuchefu kilinishika, mdomo ukawa na ladha ya sarafu, na tumbo likawa linanikimbiza chooni kama nimeliibia. Nikajiuliza, kwa nini niteseke mara mbili kwa siku? Bora ugomvi wote niumalize asubuhi. Kwa hiyo cha jioni nilikificha mfukoni nikijifanya nimekimeza, halafu asubuhi nikavimeza vyote pamoja. Nilijiona nina akili kuliko kliniki nzima.

Shuleni nilikuwa kiranja wa kengele. Kengele yetu ni ya shaba, ina mpini wa mbao, na hukaa kwenye rafu chini ya saa kubwa ya ukutani, nje ya ofisi. Kazi hiyo niliipenda kuliko kitu chochote. Nilikaa karibu na mlango, na wakati ukifika nilitoka bila kuomba ruhusa. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na haki hiyo. Wengine wote wakitaka kwenda chooni walinyoosha mkono, wakasimama, na mwalimu wetu wa darasa akawauliza mbele ya wanafunzi arobaini, "Haja ndogo au kubwa?"

Juma la kwanza la dawa niliomba ruhusa mara tatu kwa siku moja. Mara ya tatu mwalimu alisema, "Wewe vipi? Tumboni kuna bomba limepasuka?" Darasa lilicheka mpaka madawati yakatikisika. Nilikwenda, nikarudi, nikakaa, nikaapa kwamba sitaomba tena ruhusa ile maisha yangu yote.

Sasa ikaja Jumatano. Mapumziko huwa saa nne na nusu. Ilipofika saa nne na robo tumbo lilianza kunguruma, jasho likanitoka. Nilibana meno, nikahesabu vigae vya sakafu. Saa nne na dakika kumi na tisa sikuweza tena. Nikasimama, nikatoka, na mwalimu hakuuliza kitu kwa sababu alidhani naenda kupiga kengele. Nia yangu ilikuwa kukimbilia chooni kwanza. Lakini pale nje ya ofisi, karibu na kengele, nikakutana uso kwa uso na mwalimu mkuu, amebeba mafaili.

"Kumbe muda umefika?" akauliza.

"Ndiyo, mwalimu," nikajibu.

Baada ya hapo ningefanya nini? Mkono uliishika kengele, ukaipiga kwa nguvu zote. Kisha niliirudisha kwenye rafu, nikatimua mbio. Nilifika. Hilo tu ndilo nitakalowaambia.

Nilipotoka, shule ilikuwa imepinduka. Madarasa yote yalikuwa uwanjani. Mpishi alisimama mlangoni na upawa mkononi, akifoka kwamba maji ya chai hayajachemka. Kibaya zaidi, darasa la saba walikuwa katika mtihani wa hisabati uliopaswa kuisha saa nne na nusu. Mwalimu wao aliposikia kengele, alikusanya karatasi kama kawaida yake. Wasichana wawili walikuwa wanalia, swali la mwisho wameliacha nusu.

Mwalimu mkuu aliniita ofisini.

"Umepiga kengele dakika kumi na moja kabla ya wakati. Kwa nini?"

Niliiona saa ya ukutani kupitia dirisha.

"Saa mbovu, mwalimu. Inakimbia."

Aliitazama saa yake ya mkononi, kisha ile ya ukutani. "Mbona sasa zinalingana?"

"Huwa inaruka, halafu inarudi."

Hata mimi nilisikia jinsi uongo ule ulivyochechemea. Lakini mwalimu mkuu alikunja uso, akasema, "Saa hii baba yako aliitengeneza mwezi uliopita. Alituhakikishia haitakosea hata dakika moja. Basi itarudi kwake leo hii. Akishindwa, tutatafuta fundi mwingine."

Sikuwa nimemfikiria baba hata kidogo.

Jioni nilipofika nyumbani, saa ya shule ilikuwa juu ya meza yake, imefunguliwa. Magurudumu yake madogo yalipangwa juu ya kitambaa cheupe. Kwa kawaida baba akiwa kazini hupiga mluzi. Siku hiyo alikuwa kimya.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanangu, saa hii nimeifungua mara mbili tangu mchana. Sioni kosa." Alikitoa kioo cha kukuzia, akasugua jicho lake. "Wewe ndiye uliyeiona ikiruka. Labda mimi jicho limeanza kuzeeka. Kama siwezi kuona kosa katika saa kubwa hivi, zile ndogo za mkononi nitaacha kuzipokea. Sitaki kuharibu mali za watu."

Nilitaka kunyamaza. Kunyamaza kulikuwa rahisi sana, ningeingia tu jikoni. Lakini alikuwa ameshaanza kukusanya zile bisibisi zake nyembamba, anazirudisha moja moja kwenye mkebe wake, taratibu, kama mtu anayefunga duka. Nilishindwa kuvumilia.

"Baba, jicho lako zima! Saa haina kosa. Mwenye kosa ni mimi!"

Nikamwambia yote: kengele, mwalimu mkuu, mtihani, chooni, vidonge. Nilisema kwa sauti kubwa, nikilia, na katikati ya maneno mama aliingia, unga ukiwa bado mikononi.

"Vyote viwili kwa mara moja?" mama akashangaa. "Tena bila kula? Na mkate ninaokuachia?"

"Siutaki mkate! Na vidonge sivitaki! Sivimezi tena hata mkinifunga kamba!"

Baba aliweka mkebe wake chini. Alikuwa na hasira, niliiona shingoni mwake. "Umenifanya nitafute ugonjwa katika saa nzima," akasema. "Mimi nimejitilia shaka, na watoto wa watu wamenyang'anywa mtihani wao. Hayo hatutayaacha hivi hivi."

"Na kamba hatuna," mama akaongeza. "Asubuhi tunakwenda kliniki. Hayo maneno yako ukamwambie muuguzi mwenyewe, tuone."

Kesho yake, kliniki, nikamwambia kweli. Nilisimama mbele ya meza yake, mikono kiunoni. "Ninyi mlisema kusumbua. Anayekimbilia chooni ni mimi au ninyi?"

"Mbishi!" mama akanikemea.

Lakini muuguzi, mwanamume mnene mwenye sauti ya taratibu, aliweka kalamu chini. "Mwache aseme, mama. Wengi huniitikia ndiyo, ndiyo, halafu dawa wanaitupa." Akanigeukia. "Eleza. Unavimeza saa ngapi, na umekula nini?"

Nilipomaliza kueleza alitikisa kichwa. "Tumbo tupu, halafu dozi ya siku nzima kwa mpigo! Hata mimi ningekimbia. Binti yangu, kukasirika una haki kabisa. Ila kipimo cha dawa hujipangii."

Aliingia kwa daktari, akarudi na maelekezo mapya. Kwa majuma mawili nitumie kidonge kimoja tu, jioni, katikati ya chakula. Tumbo likitulia, ndipo kile cha asubuhi kirudi, nacho pamoja na chakula. Nile taratibu, nipunguze vya mafuta mengi, na ladha ya sarafu nikiona inakera nisuuze mdomo.

"Wengi huzoea baada ya majuma machache," akasema. "Isipotulia, rudi hapa, dawa hurekebishwa. Ukiharisha au kutapika mpaka maji hayakai, njoo siku hiyohiyo. Usiiache kimyakimya, na usirundike dozi ulizoruka. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Na shuleni je? Huko nako nani atarekebisha?"

Muuguzi akacheka, akaandika barua, akaitia kwenye bahasha.

Asubuhi ileile tuliingia ofisini kwa mwalimu mkuu, baba akiwa na saa kwapani, imefungwa kwa kitambaa. Sikusubiri kuulizwa.

"Mwalimu, saa ni nzima. Nilidanganya. Natumia dawa, tumbo lilinibana, niliona aibu kuomba ruhusa. Baba yangu hajakosea hata dakika moja."

Mwalimu mkuu aliipokea saa, akaiweka mezani. "Darasa la saba watarudia mtihani kwa sababu yako. Utawaomba radhi mbele ya shule nzima. Na kengele utaiacha kwa majuma matatu."

Iliniuma kuliko viboko. "Adhabu naikubali," nikasema. "Lakini nikibanwa nitakwenda chooni, mwalimu, na haja yangu sitaitangaza tena mbele ya watu arobaini. Hata kengele mkinipokonya moja kwa moja, sitaitangaza."

Baba akakohoa. Mwalimu mkuu aliifungua barua ya muuguzi, akaisoma, akairudia. Kisha alituma mtu amwite mwalimu wetu wa darasa.

Ijumaa, kwenye mstari wa asubuhi, nilisimama mbele. Niliwaomba radhi darasa la saba, na nikasema sababu bila kuzungukazunguka: natumia dawa, dawa inanisumbua tumbo. Kijana mmoja wa nyuma akatoa mlio kwa mdomo, mnaujua mlio huo. Wengine wakaangua kicheko.

"Cheka umalize," nikamwambia. "Nina muda wa kutosha, kengele si yangu wiki hii."

Kicheko kikamgeukia yeye, naye akainama kufunga kamba za viatu.

Mwalimu mkuu akasonga mbele. "Mwenzenu amekosa mara mbili," akasema. "Amejipangia dawa kwa akili yake, na amedanganya mpaka karibu aharibu jina la baba yake. Amekiri, yameisha. Lakini na sisi walimu tumekosa, kwa kufanya ruhusa ya chooni iwe fedheha. Kuanzia leo kila darasa litakuwa na kibao mlangoni. Ukibanwa unachukua kibao, unakwenda, unarudisha. Hakuna maswali. Nanyi mkumbuke: mficha maradhi, kifo humuumbua. Dawa ikikusumbua, mwambie aliyekupa, na umwambie mapema."

Mimi namshukuru Mungu, kilichoniumbua ni kengele tu.

Baadaye mwalimu wetu wa darasa alinisimamisha mlangoni mwa darasa, akiwa ameshika kibao kipya. "Lile neno la bomba," akasema huku anatazama pembeni, "halikuwa zuri."

"Halikuwa zuri, mwalimu," nikamjibu. Akaguna, akapigilia msumari wa kuning'inizia kibao.

Sitawadanganya kwamba tumbo lilitulia kesho yake. Juma la kwanza nilichukua kibao mara nyingi, na siku moja nilikirudisha nikakichukua tena kabla sijakaa. Nilikwenda kichwa juu. Juma la pili nikakihitaji mara mbili tu. Kidonge cha asubuhi kiliporudi nilikimeza katikati ya mkate wa mama, tumbo likalalamika siku chache, kisha likanyamaza.

Jumatatu ya juma la nne kengele ilirudi kwangu. Saa nne na dakika ishirini na tisa nilitoka darasani, na chini ya saa ya ukutani nikamkuta baba. Alikuja, eti, kuikagua saa. Alikuwa ameshika saa yake ya mfukoni, jicho moja kalifumba. Nilisubiri mshale, nikaipiga kengele mpaka vioo vya madirisha vikalia.

"Umechelewa sekunde nne," akasema.

"Kaiangalie vizuri saa yako, baba," nikamwambia. "Labda inakimbia."

Baba alicheka sana, akaondoka akipiga mluzi.