Taa ya Zdravko

"Wifi, taa ya Zdravko imewaka."

Rumiana Velcheva alikanyaga breki. Skoda ikaserereka hadi ukingoni mwa barabara ya bandari ya Burgas.

"Rudia."

"Taa ya kijani, pale kwenye jina lake, kwenye mtandao wa bandari." Sauti ya Plamena ilitoka kwenye spika ya simu. "Ameingia kazini."

Rumiana alikuwa jasusi kwa miaka kumi na miwili. Alishatazama mtutu wa bastola bila kupepesa. Lakini sasa aliogopa, kwa sababu Zdravko alikuwa kaka yake, na walimzika siku thelathini na nane zilizopita.

"Hukuifunga akaunti yake?"

"Nimfungie mlango mume wangu kabla ya arobaini? Wewe ungeweza?"

Asingeweza. Kwao roho ya marehemu hukaa nyumbani siku arobaini; nani angethubutu? Mkate na maji ya marehemu bado vilikuwa mezani.

Saa tano na dakika arobaini.

Saa sita kamili, mtandao wa kazi wa bandari na ule wa forodha ungeunganishwa. Ukishaingia mmoja, wa pili unakufungukia bila kuulizwa nywila tena. Plamena na mumewe ndio mafundi waliousanifu mfumo huo. Tatizo ni kwamba upande wa forodha kulikuwa na faili lenye jina la Sotir, baharia aliyewatonya watu wa forodha kuhusu makombora ya magendo ndani ya meli yake. Meli ilikuwa bado majini. Wenye mzigo wakilisoma jina hilo, Sotir angetoswa siku hiyo hiyo.

"Si lazima simu yake ithibitishe?" Rumiana aliuliza.

"Simu nilimwekea mwenyewe mfukoni. Ndani ya jeneza."

"Najua. Nilikuona."

"Basi ni yeye, Rumiana."

"Maiti hachaji simu, wifi. Tukiifunga akaunti sasa mwizi atashtuka. Subiri nikupigie."

Alisema kwa ukali, akawasha gari.

Waliombusu marehemu kwenye paji la uso walikuwa wengi. Aliyefunika jeneza, wa mwisho kuwa karibu na mfuko ule, alikuwa mmoja tu: Ognyan, naibu mkurugenzi wa bandari, rafiki wa familia. Siku ile alilia kuliko wafiwa.

Alimkuta ofisini kwake, anakunywa kahawa.

"Binti, pole tena. Kaa basi, unywe kitu."

Rumiana hakukaa. Alitoa simu, akatafuta namba ambayo hakuwahi kuwa na moyo wa kuifuta. Kidole kikasita. Aliogopa. Je, ikiita kule chini, kifuani kwa kaka yake?

Akapiga.

Kitu kikatetema ndani ya koti la Ognyan.

Akakata. Kikanyamaza. Akapiga tena, kikatetema tena.

"Pokea," alisema. "Ni dada yake."

Mkono wa Ognyan ulikimbilia droo. Makarov, bastola ya Rumiana, ilikuwa imeshatoka.

"Thubutu."

Ognyan akainua mikono taratibu, akatabasamu. "Umechelewa, binti. Tarakimu za uthibitisho nimeshawapa wenzangu. Wako ndani kwa jina lake, wanasubiri saa sita tu."

Zilibaki dakika mbili.

Rumiana alimpigia Plamena, bastola ikiwa palepale. "Mfungie."

"Zimebaki siku mbili arobaini yake itimie."

"Sotir yu hai, wifi. Ana mke anayemngoja, kama ulivyokuwa unamngoja wako."

Alimsikia akivuta pumzi. "Zdravko nitamwambia nini?"

"Mwambie tulimsindikiza sote wawili."

Mshale wa saa ukutani ulisogea. Rumiana alitamani kumwambia asibonyeze. Alitamani sana, na aliona aibu.

"Imezimika," Plamena alisema. Kisha akaangua kilio ambacho makaburini hakikumtoka.

Saa sita. Mitandao ikaungana. Jina la Zdravko halikuwa na taa upande wowote.

Askari walipomfunga Ognyan pingu, Rumiana aliitoa ile simu kwenye koti lake na kuifuta kwa kiganja.

"Afande, hicho ni kielelezo," askari mmoja alisema.

"Mkishakinakili, nakitaka keshokutwa asubuhi."

"Kwa nini keshokutwa?"

"Ni arobaini yake. Mwenyewe anaidai simu yake."

Akamkabidhi simu, akavaa miwani yake ya jua, akatoka bila kugeuka nyuma.