Nyota za Mama na Penseli ya Baba

Mpaka leo nikipita mbele ya karakana ya seremala, mwendo wangu hupungua wenyewe. Harufu ya mbao iliyokatwa sasa hivi hunirudisha nyumbani. Baba yangu alikuwa seremala. Alifanya kazi katika chumba cha mbele, na sisi tuliishi vyumba vya nyuma. Vumbi la mbao tulilikuta kwenye nywele, kwenye mashuka, hata kwenye chai. Mama alikuwa akilalamika kwamba ameolewa na mti.

Baba alikuwa na penseli nene nyekundu. Aliichonga kwa kisu, kisha akaichomeka nyuma ya sikio. Ilikaa hapo kutwa. Mimi na kaka yangu hatukutamani kitu kingine duniani kama penseli ile. Kaka tulimwita Chapuchapu, kwa sababu kila kitu alikifanya mbio. Mimi nilikuwa kitinda mimba, na mama ananiita Kitinda hadi leo, ingawa nina mtoto wangu.

Kila jioni karakana ilitakiwa ifagiliwe. Sakafu ilijaa maranda, yale maganda membamba ya mbao yanayojikunja randa inapopita. Ndani ya maranda kulikuwa na misumari, na wateja walikuja na ndala. Lakini sisi tulikuwa wavivu wa kutupwa. Baba aligomba, akabembeleza, akagomba tena. Wapi! Basi jioni moja akabuni jambo.

"Atakayekusanya maranda mengi zaidi," alisema, "atavaa penseli yangu sikioni mpaka wakati wa kulala."

Loo, tulifagia! Tuliingia chini ya meza, nyuma ya makabati, mpaka mahali ambapo panya wenyewe walishangaa kutuona. Chapuchapu alipopata penseli alizunguka mtaani kichwa kimeinama upande mmoja, isije ikaanguka. Watu walimwamkia "Fundi!" naye akaitikia kwa sauti nzito. Siku zile zilikuwa tamu. Nikizikumbuka nacheka peke yangu, na watu wananitazama.

Siku moja baba alikwenda kupeleka kitanda kwa mteja. Hakuwa amepiga randa siku hiyo, kwa hiyo sakafu ilikuwa nyeupe kabisa. Chapuchapu akarudi kutoka shule, akatafuta maranda, hakuona hata moja. Akafikiri kidogo. Kisha akachukua randa na ubao mzima wa mlango wa mtu, akaanza kazi.

Baba aliporudi alimkuta mwanawe amesimama katikati ya lundo la maranda, jasho linamtiririka. Ubao ulikuwa umebaki mwembamba kama rula.

"Baba, leo nimeshinda!" Chapuchapu alipiga kelele.

Mama alishika kichwa. Mimi nilijificha nyuma ya mlango, nikingoja kusikia kilio. Lakini baba alikaa kwenye benchi, akautazama ule ubao, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilitaka sakafu safi, lakini zawadi nikaitolea maranda. Haya, nimeletewa maranda."

Kuanzia kesho yake hakuangalia tena maranda. Tukishamaliza kufagia, alivua viatu akatembea peku karakana nzima, taratibu, akipapasa sakafu kwa nyayo. Asipochomwa na kitu, tulivaa penseli kwa zamu, mimi na kaka. Na nyumbani kwetu ukazaliwa msemo. Mtu akihangaika na jambo lisilo na faida, tulimwambia, "Wewe, unapiga randa ubao mzima."

Miaka imekwenda. Chapuchapu anafanya kazi mbali. Baba ametutoka. Penseli yake, sasa fupi kama kidole, iko kwenye droo ya kabati la mama. Mama anaishi nami na binti yangu, Kidoti, tunayemwita hivyo kwa ajili ya alama ndogo shavuni.

Mama hakujua kusoma. Enzi zake, kwao, wavulana walipelekwa shule na wasichana walitumwa maji. Lakini kila jioni alimpakata Kidoti akafungua kitabu cha mbuzi aliyepotea. Alitazama picha, akatunga. Leo mbuzi kapata mchumba, kesho mbuzi kawa askari. Kidoti alifurahi sana.

Kisha Kidoti akaanza shule. Jioni moja aliweka kidole chake kwenye ukurasa.

"Bibi, hapa wameandika 'mbuzi analia.' Wewe umesema anacheka."

Mtoto hakukusudia ubaya. Mama alifunga kitabu polepole.

"Na mwalimu amesema," Kidoti akaendelea, "mwisho wa muhula kila mtu aje na mtu mzima wa kutusomea darasani. Mimi nataka Bibi."

Kabla sijafungua mdomo, mama alijibu, "Nitakuja."

Kidoti alipokwenda kuoga, mama alinivuta mkono. "Kitinda, nataka kujua kusoma. Sitaki mjukuu wangu aone haya kwa ajili yangu."

Mimi nashona sare kiwandani, na jioni narudi mgongo unaniuma, sina nguvu za kumfundisha mtu. Nikamwekea mama programu ya kusoma kwenye simu yake. Sauti inatamka, wewe unabonyeza herufi. Ukipatia, kengele inalia na nyota inadondoka kwenye kapu. Ukisoma kila siku bila kukosa, kuna moto mdogo unaendelea kuwaka. Tena kuna orodha ya wanafunzi wote, aliyeshinda juu, aliyeshindwa chini.

Mwanzoni nilifurahi. Mama hakuhitaji kukumbushwa. Simu ililia asubuhi, naye akaikimbilia. Ililia mchana, maharage yakaungua. Hata siku aliyopata homa alitoa mkono nje ya blanketi akatafuta simu, eti moto usizimike.

Tena alipata adui. Mtu mmoja kwenye orodha alikuwa na picha ya nyuki mwekundu. Hatukumjua, hata sauti yake hatukuisikia. Lakini mama alimchukia kama jirani mwizi.

"Huyu Nyuki ananipita tena!" alisema, na chai yake ikapoa mezani. "Hana kazi ya kufanya huyu?"

"Na wewe je, Mama?"

"Mimi nasoma," alijibu, bila kuinua macho.

Muhula ulipofika katikati, kapu la mama lilikuwa limejaa nyota pomoni. Nikamletea kitabu cha mbuzi. "Haya Mama, tusomee."

Alikishika kwa mikono miwili. Akakitazama. "Mmm," alianza. Akangoja. Akagusa neno kwa kidole, kama anavyogusa simu. Akangoja tena.

"Mbona hakilii?" aliuliza.

Hapo akaelewa mwenyewe. Akakiweka kitabu chini, akajifunika uso kwa upande wa khanga. "Mpigie mwalimu wake," alisema akiwa humo humo. "Mwambie Bibi anaumwa, hataweza kuja." Nilikaa karibu naye. Roho iliniuma.

Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yetu wa chini, msichana anayetengeneza programu za simu za maduka na shule. Sisi tunamwita Miwani, na mwenyewe anaitika. Alikuja kurudisha sufuria.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita, lakini usinitazame."

Nilimweleza Miwani yaliyotokea. Hakucheka. Aliiomba simu, akafungua programu.

"Mama, somo gani unalifanya kila siku?"

"Lile la kwanza," mama alisema. "Ni jepesi, nyota zinakuja haraka. Nikienda la pili nakosea, na Nyuki ananipita."

Miwani akaitika kwa kichwa. "Hapo ndipo ulipokwama, lakini usijilaumu. Sisi tunaotengeneza vitu hivi tunajua binadamu anapenda nini. Anapenda kuona amepiga hatua. Anapenda kushinda. Na kupoteza alichokwisha kupata kunamuuma sana. Ndiyo maana tunaweka nyota, orodha na moto. Hata dukani, si wanakugongea muhuri kwenye kadi, ikijaa upewe soda? Ukibakiza muhuri mmoja, utanunua hata sabuni usiyoihitaji."

"Kwa hiyo ni udanganyifu?" niliuliza. Nilikuwa nimeanza kukasirika.

"Si lazima, dada. Zawadi inasaidia mtu kuanza jambo gumu. Mama asingefungua simu kila siku bila nyota zile, na herufi amezijua kwa njia hiyo. Lakini simu inahesabu mabonyezo, na inahesabu siku. Haijui kama Mama anaweza kusoma kitabu. Mtu akifuata kile kinachohesabiwa, anaweza kukiacha kile alichokuwa anakitafuta."

Mama akaishusha khanga usoni, akanigeukia, macho yamemtoka.

"Kitinda," alisema, "mimi nimepiga randa ubao mzima!"

Tulicheka. Tulicheka mpaka Kidoti akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Miwani alitutazama kama watu waliochanganyikiwa, ikabidi tumsimulie habari za baba, za Chapuchapu na mlango wa mteja. Nilipofika mahali pa baba kutembea peku, Miwani alivua miwani yake akaifuta.

"Mzee alielewa kazi yangu kuliko bosi wangu," alisema. "Basi Mama, tufanye kama yeye. Kwako wewe, kuvua viatu na kutembea peku ni nini?"

Mama hakufikiri sana. "Ni kumsomea Kidoti ukurasa, bila kubuni."

"Basi hicho ndicho tuhesabu."

Palepale Miwani alizima kengele za simu. Akaliondoa jina la mama kwenye orodha, na hivyo Nyuki Mwekundu akabaki na ushindi wake. Akamwonyesha mama namna ya kufungua somo linalofuata. "Ukikosea, furahi," alimwambia. "Unapokosea ndipo unapojifunza. Nyota zikija chache, ziache ziwe chache. Na moto, kama unakusaidia kuanza, uwashe. Ukizimika, usiulilie."

Mama alisimama akaenda kwenye kabati. Akafungua droo, akarudi na penseli ya baba. Akampa Kidoti.

"Wewe ndiye hakimu," alisema. "Nikisoma ukurasa sawasawa, unanivalisha. Nikibuni, unaninyima."

Nilijua Kidoti ni mkali, lakini sikujua kiasi kile. Mama akikisia neno kwa picha, mtoto alitikisa kichwa na kuishika penseli kwa nguvu. Jioni nyingi mama alilala bila kuivaa. Alinuna. Akasema mtoto huyu amerithi roho ya babu yake. Kesho yake akarudi palepale, silabi kwa silabi, akitoa jasho kama mtu anayepanda mlima. Siku alipopata ukurasa wa kwanza, Kidoti alimchomekea penseli nyuma ya sikio, na mama akatoka nayo mpaka dukani, ingawa hakukuwa na cha kununua. Nilimwona dirishani. Kichwa kilikuwa kimeinama upande mmoja.

Wiki zikapita. Jioni moja mama alimaliza ukurasa wake vizuri. Kidoti akanyanyua penseli.

"Ngoja kwanza," mama alisema, akafungua ukurasa mwingine. "Huyu mbuzi ameingia nyumba ya nani?"

Akaendelea kusoma. Kidoti akasahau penseli mkononi, mama akasahau kuidai. Mimi nilikuwa nakata vitunguu, machozi yakanidondoka. Nilisingizia vitunguu.

Siku ya kusoma ilifika. Mama alivaa gauni lake la heshima. Tulikuwa tumeshafika barabarani Kidoti akashtuka.

"Bibi! Penseli tumeiacha mezani!"

"Iache, mjukuu wangu. Tutachelewa."

Darasani walikuwa wamekaa watoto sakafuni na watu wazima kwenye viti vidogo, magoti yanagusa kidevu. Mama aliitwa. Akasimama, akafungua kitabu. Nilishikilia kiti changu kama mtu aliye ndani ya gari linalokata kona. Alisoma polepole. Mbuzi alilia mahali pa kulia, akacheka mahali pa kucheka. Katikati alikwama kwenye neno refu. Nilitamani nimnong'oneze. Mama akarudi mwanzo wa neno.

"A-ka-sha-ngi-li-a," alisoma. "Akashangilia!"

Watoto nao wakashangilia pamoja na mbuzi. Kidoti hakuwa akitazama kitabu kuhakiki. Alikuwa anamtazama bibi yake, mdomo wazi.

Tulipotoka nje, mama alichukua simu atazame saa. Palikuwa na maandishi kwenye kioo. Akasimama njiani. Akaisogeza simu mbali na macho, akairudisha karibu.

"Moto wako u-me-zi-mi-ka," alisoma. "Rudi leo u-u-wa-she."

Hakuna aliyemsomea. Miezi yote ile programu ilikuwa ikimwandikia, naye alisikia kengele tu. Nilimkumbuka baba kwa nguvu. Laiti angekuwepo pale barabarani akavua viatu vyake.

"Mama," nilisema, "moto wako umezimika. Si utauwasha?"

Mama akaitumbukiza simu mkobani, akamshika Kidoti mkono.

"Uzimike tu," alisema. "Twende, chakula kinatungoja nyumbani."