Ala Iliyotoweka Tiznit

Abella Ouzgan, mwuza vitu vya kale, alikutwa amekufa dukani kwake mjini Tiznit kabla ya adhana ya adhuhuri, jambia limezama kifuani hadi kwenye mpini.

Inspekta Ouhmane alipiga magoti kando ya maiti. Makabati yalijaa bangili na vikuku vya fedha. Havikuguswa.

"Kimeibwa nini?"

"Ala ya jambia hilo tu, afande," alijibu Sajini Idder. "Mwizi gani mpumbavu hivi?"

"Huyu si mwizi."

Alama za vidole zilipokwisha kuchukuliwa, Ouhmane alilipeleka jambia kwa Mzee Masoud, mfua fedha wa mtaa wa pili. Mzee alipitisha kidole juu ya nakshi za mpini, akakiondoa upesi kama aliyeungua.

"Kazi ya marehemu Hammou. Alimfulia mkwewe, Bihi, siku alipomwoa binti yake, Tamou. Lakini Bihi alipotelea jangwani miaka kumi na moja iliyopita, nalo likiwa kiunoni!"

"Alisafiri na nani?"

"Na Abella. Alirudi peke yake, analia."

Tamou, mke wa Bihi, aliwafungulia Ouhmane na Idder mlango. Mkononi alishika ala, fedha yake imesukwa nyembamba kama utando wa buibui.

"Karibuni. Inspekta, usikae hapo. Hapo pana mtu."

Ouhmane aliutazama mto mtupu. Akakaa kwingine.

"Leo asubuhi ulikwenda kwa Abella?"

"Nilikwenda. Kumbe alilificha miaka yote hiyo, leo kaliweka dirishani. Alidhani macho yangu yamezeeka. Baba alikosea ua moja pale mpinini, nikalijua."

"Akasemaje?"

"Eti kalinunua Marrakesh. Nikamwambia, 'Abella, nitazame usoni.' Akashindwa. Akasema maji yalibaki ya mtu mmoja. Alimvua Bihi jambia akiwa hai, akamwacha anamwita kwa jina."

"Ukamchoma."

"Nikamchoma. Ala nikaichukua. Jambia sikuweza kulichomoa."

Idder alitoa pingu. Tamou akanyoosha mikono mwenyewe.

"Kila alfajiri nilimsikia Bihi akiniita nje ya mlango," alisema. "Nikifungua, hakuna mtu. Nilidhani anataka nimlipizie kisasi."

"Kumbe?"

"Alitaka kuzikwa tu, Inspekta. Nami nimemwua mtu pekee aliyejua alipolala."