Kinu cha Hinda

Twa, twa, twa. Sauti ya mchi ilitoka nyuma ya nyumba ya mwisho hapa Hulugho. Sista Gacheri, muuguzi aliyetoka Meru, akageuza njia kuifuata.

Alimkuta Hinda peke yake, akitwanga tembe yake ya kifafa ya asubuhi. Unga ule akaumimina kwenye kikombe cha maziwa ya ngamia. Kikombe hicho kilikuwa chake pekee. Dada yake, Mumina, aliogopa povu lililomtoka Hinda mdomoni akianguka, kwa hiyo Hinda alikula peke yake. Hata binti yake mdogo, Amran, alihamishiwa kwa Mumina mpaka kifafa kiishe.

Gacheri alimuuliza kwa nini anaitwanga. Hinda alisema tembe ni kubwa. Siku moja ilimkwama kooni, na hapakuwa na mtu wa kumpiga mgongoni.

"Hinda, tembe hii imetengenezwa iachie dawa polepole kutwa kucha," Gacheri akasema. "Ukiitwanga, dawa yote inaingia mwilini kwa mkupuo. Ikifika alfajiri hakuna iliyobaki. Ndipo unapoanguka."

Kweli, kila mara alianguka alfajiri. Hinda akaweka mchi chini.

Gacheri akamweleza kuwa hospitali moja mjini Garissa inajaribu tembe mpya zinazochapwa na mashine. Mashine hiyo hupanga unga wa dawa tabaka juu ya tabaka, kama chapati laini za anjera kwenye sinia, kwa kipimo cha kila mgonjwa. Tembe ikipata funda moja la maji, inalainika mdomoni.

"Inachapwa? Basi nitameza gazeti," Hinda akasema, akacheka. Siku nyingi hakuwa amecheka.

Walikwenda Garissa pamoja. Hinda alikubali kuijaribu. Daktari alimpima, akambadilishia dawa, akamwonya asiache hata siku moja. Waliporudi, Gacheri alipita kwa Mumina kumweleza kuwa kifafa hakiambukizi, si kwa povu, si kwa kikombe.

Miezi mitano ikapita, Hinda hajaanguka. Mumina akaja na Amran na sinia ya wali. Kwa mazoea, Hinda akachukua bakuli lake akaketi kando. Mumina akaliondoa mkononi mwake, akamketisha kwenye sinia pamoja nao.

Amran akauliza itakuwaje mama akianguka tena. Mumina ndiye aliyejibu, akimtazama dada yake.

"Abaayo, dada yangu, ukianguka nitakulaza ubavu. Sitakutia kitu mdomoni. Nitakaa nawe mpaka uamke. Hutaanguka peke yako tena."